Unga Niliowapa Panya

Ni mwaka ule tuliokula uwele na pumba zake. Hatukupepeta, maana ukipepeta unatupa nusu ya chakula. Mlenda ulikuwa mkavu wa mwaka juzi, unavutika kutoka chunguni mpaka kiwikoni, na karanga za kuutia hazikuwepo. Watu wa ofisini, waliohamia Dodoma kutoka kila mkoa, walikula mkate na siagi, kwa sababu maduka yalishafunguliwa, kila kitu ruksa, sabuni za kunukia zimepangwa mpaka barazani. Mimi nilipita nikanusa zile sabuni, nikarudi nyumbani kula pumba. Ukitaka kujua ni mwaka gani, ndio huo. Tarehe waulize waliosoma.

Mimi niliishia darasa la pili. Mwalimu alisema nimechungulia kibao cha mwenzangu. Sikuchungulia. Baba hakuuliza, alinitoa shule siku ile ile kwa aibu, nikaenda kuchunga ndama. Nilitoka na herufi zangu chache na jina la mwizi. Nalisema hili mapema, msije mkaniona nina moyo wa jiwe kwa yatakayofuata.

Nilikuwa na mjukuu, mtoto wa binti yangu marehemu. Nilimlea tangu anatambaa. Mwaka huo alikuwa kidato cha sita. Katika ukoo wetu hakuna mtu, mke wala mume, aliyewahi kufika huko, na mimi nilitembea mtaa wetu wa Kikuyu wote na shingo ndefu kama ya mbuni. Alitaka kuwa daktari. Akishindwa baiolojia, udaktari basi. Hilo hata mimi wa darasa la pili nililielewa.

Na baiolojia haikuwa na mwalimu. Mwalimu aliacha chaki wakati wa kilimo akaenda kuuza mitumba sokoni. Wanafunzi wakipita wanamwamkia, "Shikamoo mwalimu," naye anaitikia marahaba huku anawanyooshea suruali. Wakabaki na daftari moja, la dada fulani aliyemaliza shule zamani, limeliwa na mchwa pembeni. Kila alasiri walikuja uani kwangu watatu: mjukuu wangu, binti mmoja wa karani wa serikali aliyevaa miwani, na mwingine wa Singida aliyekuwa na kicheko cha mtu aliyeshiba, ingawa alikuwa na njaa kama sisi. Walikaa juu ya ngozi ya ng'ombe, wakasoma kwa sauti kama watu wa sala.

Walisoma chura. Chura asubuhi, chura jioni. Walimchora mchangani kwa kijiti, wakamfungua tumbo, wakampanga utumbo. Katika mtihani wa vitendo mwanafunzi hupewa mnyama ampasue, aonyeshe kila kiungo kilipo. Mnyama gani, haambiwi mpaka siku yenyewe. Lakini hawa walimwona mtunza maabara wa shule yao, mvua zinaisha, anazunguka madimbwini na ndoo. Wakaamua ni chura. Panya hawakumgusa. Kurasa za panya ndizo mchwa walizozila.

"Someni na wengine," niliwaambia siku moja, kabla sijajua lolote.

"Bibi, muda hautoshi," alisema wa miwani. "Na ndoo tumeiona kwa macho."

Siku kama kumi kabla ya mtihani, wao wakiwa shuleni, nikasikia hodi. Ni yule mtunza maabara. Mtu wa Iringa, Mhehe, mtani wetu sisi Wagogo: sisi huwatania kwamba wanakula mbwa, wao hututania kwamba ni ombaomba.

"Mbukwa, mtani," akanisalimia kwa lugha yangu.

"Kamwene," nikamrudishia kwa yake. "Mbwa wamekwisha kwenu, mpaka unabisha kwa Wagogo?"

"Wamekwisha, mama. Nimekuja kuomba. Kazi yenu ya kuomba nimeichukua mimi."

Nilicheka. Yeye alicheka kidogo tu, akaangalia nyuma kama ng'ombe aliyesikia fisi.

"Nataka panya," akasema. "Hai. Wakubwa, mkia mzima, wasiwe na jeraha. Kumi na wanane."

"Ala! Sasa mmehamia kwa panya?"

"Ni wa mtihani, mama."

Kicheko kikanikauka.

Alinieleza akiwa amesimama. Ndoo ile ya madimbwini ilikuwa ya kidato cha tano, mazoezi tu. Panya weupe waliofugwa shuleni walishakufa, hakuna aliyewapa chakula. Nyumba za bati za mjini watu wametega sumu, na panya wa sumu hafai kupasuliwa. Tembe ya udongo iliyobaki mtaa ule ilikuwa yangu peke yake, na kila mtu alijua natega panya wazima kwa chungu, kama mama yangu alivyonifundisha.

"Ila mjukuu wako yumo," akasema. "Akijua, rafiki zake watajua. Darasa zima litafutiwa matokeo, na mimi nitafungwa. Nina watoto watano."

"Kama unaniogopa, umenifuata nini?"

"Sina kwingine, mama."

Nilimtazama. Nikaikumbuka ile siku ya kibao.

"Sisemi," nikamwambia. "Mtu akilia, mtu akinuna, sisemi."

Nikatega. Unakifukia chungu mpaka shingoni, unakipaka mafuta ndani, unaweka kijiti mdomoni na unga uliokaangwa. Panya anafuata harufu, anateleza, hatoki tena. Nilitega katika chumba cha nafaka. Katika nyumba yetu chumba cha nafaka haingii mtu mwingine mwaka wa njaa. Ufunguo unakaa shingoni kwa bibi, na hakuna anayeuliza, kwa sababu bibi ndiye anayejua zimebaki siku ngapi. Panya niliwaweka kwenye madebe niliyoyatoboa, nikayafunika kwa magunia. Kelele? Tembe haikosi kelele za panya. Hilo halikunitia hofu.

Kilichonitia hofu ni unga. Panya wakikosa chakula wanakulana. Siku ya tatu nilimkuta mmoja hana sikio, na mtu ameniambia wasiwe na jeraha. Ikabidi niwalishe. Shamba langu la Ihumwa, kando ya reli, lilikauka uwele ukiwa kimo cha goti. Ule uwele wa ndani ndio uliokuwa wa kutufikisha mwezi ujao. Kila siku nilichota konzi mbili, nikaingia, nikafunga mlango. Nikatoka mikono mitupu.

Mjukuu wangu akaona.

Kwanza alinyamaza. Nilimwona anavyopima ugali kwa macho. Ulikuwa umepungua kweli, ngumi imekuwa nusu ngumi. Kisha siku moja, mbele ya wenzake, nikiwa natoka chumbani, nina vumbi la unga kwenye vidole, akasema:

"Bibi, humo ndani unakula na nani?"

Wa Singida akaacha kucheka. Wa miwani akainamia daftari.

"Unasema nini wewe?"

"Unaingia na unga, unatoka huna. Sisi tunasoma tunaona nyota. Mwenzangu jana amedondoka kwenye foleni ya maji."

Mimi! Niliyemtafunia nyama mdomoni kwangu alipokuwa hana meno. Nilitamani nimvute sikio nimwingize mle chumbani nimwambie, haya, tazama ninayekula naye. Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga. Nikajipangusa vidole kwenye khanga, nikaenda kuokota kuni zisizokuwa na kazi, maana cha kupika jioni ile kilikuwa kidogo.

Tangu hapo alinisalimia kwa sababu ya adabu tu. Shikamoo yake ilikuwa kavu kama ule mlenda. Naye alizidi kukonda na kusoma. Macho yaliingia ndani. Usingizini alitaja viungo kwa Kiingereza. Niliketi jikoni nikiwasikiliza: "Moyo wa chura una vyumba vitatu. Vitatu. Rudia." Ulimi ukaniwasha kuuliza, na wa panya je? Swali tu la bibi kizee, nani angenilaumu? Nikaung'ata. Kweli niliung'ata, nikaonja damu. Mtoto wangu anachimba kisima mahali pasipo na maji, mimi nimekaa napajua penye maji, naangalia jembe linavyopanda na kushuka.

Zikabaki siku tatu. Wa miwani ndiye aliyeleta habari kwamba jirani alimwona mtunza maabara mlangoni kwangu. Walinijia wote watatu wakati napembua choroko chache. Wakapiga magoti. Watoto wa watu, mmoja baba yake ana ofisi na feni.

"Bibi, alitaka nini?"

"Alikuja kunitania. Ni mtani wangu."

"Mtani gani anakuja saa za kazi?" wa Singida akauliza. "Bibi yetu, Bibi mzuri, tuambie. Ni chura, si ndiyo?"

Nikaendelea kupembua.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, na sauti haikuwa yake, "mimi sina baba mwenye ofisi. Nikianguka hapa nimeanguka. Nitauza vitumbua stendi mpaka nife. Wewe unataka hivyo?"

"Sisemi," nikasema. "Mtu akilia, mtu akinuna, sisemi."

"Basi una cha kusema!" akapiga kelele wa miwani.

Hapo nilijua nimekosea. Mtu asiye na siri husema sina. Mimi nilisema sisemi. Kiswahili ni lugha ya shuleni na sokoni kwangu, nyumbani nilizaliwa na Kigogo, lakini siwezi kuilaumu lugha. Ulikuwa ulimi wangu mwenyewe. Wakatazamana. Mjukuu akalia, si kilio cha kitoto, kilio cha msiba, cha mikono kichwani. Wenzake wakamwinua wakaondoka naye. Choroko nikazipembua upya, maana nilishazichanganya na mawe.

Mtunza maabara alikuja mchana wa siku moja kabla ya mtihani, akafunga madebe kwenye baiskeli. Nikampa na unga kwenye karatasi, wasije wakaumana njiani. Ulikuwa wa mwisho. Aliuangalia ule unga, akataka kunitania, akashindwa.

Asubuhi ya mtihani mjukuu wangu aliamka mapema, akavaa sare, akasimama jikoni. Hakunywa uji. Uji wenyewe ulikuwa maji yenye rangi.

"Bibi, sikuombi useme," akaniambia. "Nataka ukohoe tu. Kama ni chura, nyamaza. Kama si chura, kohoa mara moja. Kukohoa si kusema."

Sasa sikilizeni. Mimi kifua changu kina moshi wa miaka arobaini. Nakohoa asubuhi kama gari la moshi linavyoingia stesheni, majirani wanaamkia hapo. Na kikohozi kilikuwa kimeshapanda, kiko hapa, kooni. Nikakibana. Nikashika ukingo wa kinu kwa mikono miwili. Machozi yakatoka, kamasi zikatoka, kifua kikaruka ndani kama mbuzi kwenye gunia. Yeye ananitazama mdomoni. Sikukohoa. Akahesabu ukimya wangu kuwa jibu, akapumua, akasema, "Asante, Bibi," akaenda zake akiamini ni chura.

Alipopinda kona nilikohoa mpaka nikakaa chini.

Wanaoniuliza kama alikuja kufaulu huwa nawajibu: daktari hakuwa. Ni mwalimu, anafundisha hiyo hiyo baiolojia, na suruali hauzi. Lakini siku ile hayo hayakuwepo. Kulikuwa na mimi, chungu kitupu, na jua.

Alirudi alasiri. Mikono ilinuka dawa. Alikaa kwenye ile ngozi ya ng'ombe, miguu imenyooka kama mfiwa.

"Panya, Bibi," akasema.

Nikamsogezea maji anawe.

"Sikujua hata nianzie wapi. Nilikata vibaya, damu ikajaa. Nikaanza kubahatisha. Nikafika kwenye tumbo la chakula, nikalifungua." Akanyoosha kidole, chini ya kucha kulikuwa na kitu cheupe. "Limejaa unga wa uwele. Limejaa mpaka limetuna. Nikainua macho nikatazama meza za wenzangu, wote hivyo hivyo. Bibi, mwaka huu, mji huu, nani analisha panya uwele?"

Aliinuka, akaja mpaka nilipo, akanivua ufunguo shingoni. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo nikiwa hai. Akafungua chumba cha nafaka. Akaona chungu kilichofukiwa, magunia, mavi ya panya, na ghala tupu kabisa. Alipotoka alipiga goti, akanishika miguu.

"Nilikuita mlafi," akasema.

"Hukuniita. Uliuliza."

"Nimefeli, Bibi. Naona kabisa nimefeli. Nitarudia mwakani." Alikuwa analia na kuvuta kamasi, na kichwa chake kwenye magoti yangu kilikuwa chepesi kama kibuyu. "Mwakani yule mtani wako akija tena kuomba, akakwambia mnyama, si utaniambia? Mimi peke yangu. Sitawaambia wale. Bibi? Sasa tunajua sote njaa ya kuificha siri hii ilivyo. Utaniambia?"

Nilimpangusa uso kwa khanga yangu.

"Sisemi. Mtu akilia, mtu akinuna, sisemi."