Nilivyopima stata ya Mama Kabula nikagundua kingine kibovu

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tabora. Gereji yangu iko kando ya barabara ya Ujiji, ile ya misafara ya zamani.

Tangu mwaka uanze niliona mji umetulia. Nikaupenda ule utulivu. Mchana vumbi linapita, watu wanapita, kama vile wanakanyaga pamba. Nikadhani hata treni zimepungua.

Mke wangu akaniambia majirani wanasema fundi siku hizi anaringa, watoto wanampa shikamoo haitiki. Nikacheka tu. Watu wa Tabora kwa maneno!

Juzi ikaja pikapu imevutwa kwa kamba. Ya Mama Kabula, mkulima wa tumbaku kutoka Usoke.

Sasa stata, ile mota ya kuwashia injini, wakuu, mimi huipima kwa sikio kwanza. Ikigonga "ta" moja, mara nyingi ubovu ni wake. Ikigonga ta-ta-ta-ta, umeme ni mdogo, angalia betri na nyaya. Ikikaa kimya, ama umeme haufiki ama imekufa. Taa ya kupimia nilikuwa nayo mfukoni, sikuitoa. Sikio lilinitosha miaka yote.

Mama akazungusha ufunguo, mimi nimeinama kwenye boneti. Kimya.

Nikamwambia stata imekufa, atafute nyingine.

Akashuka, akasogea karibu. "Fundi, mbona inalia? Inagonga ta-ta-ta-ta tangu niguse ufunguo."

Nikamwomba arudie, nikaweka kiganja juu ya stata. Ilikuwa inagonga kweli, kama kifaranga ndani ya yai. Masikioni, hakuna kitu.

Niliogopa, wakuu. Sikio ndilo jembe langu.

Nikachukua mita. Betri nzima. Volti zilikuwa zinapotelea kwenye waya wa earth, pale unapofungwa kwenye injini, bolti imeota kutu. Nikapiga msasa, nikakaza. Gari likawaka. Nilijua kwa mtetemo wa miguuni.

Mama Kabula akaondoka kwenda kwao. Mimi nikabaki nimekaa kwenye tairi, naitazama barabara, nikifikiria ule utulivu wangu wote. Kumbe mji haukunyamaza.

Kuna mzee wa kule Choma nilimbadilishia stata kwa kipimo hicho hicho cha sikio. Nimemtumia ujumbe arudi na ile ya zamani niipime upya. Ikiwa nzima, kosa ni langu.

Nilichojifunza: pima kwa taa na mita hata kama una uzoefu wa karne. Na ukiona dunia imekuwa tulivu ghafla, kapime masikio. Mimi naenda hospitali Jumatatu.

Aliyewahi kupitia hili na bado anafanya kazi, anipe moyo. Andikeni hapa hapa, msinipigie.

Na kama ulinisalimia pale barabarani nikapita kimya: marahaba.