Pedali ya Besi na Miguu ya Mashangazi

Kiongozi wa bendi yetu aliniambia nipumzike. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma.

"Mama, wewe pumzika kidogo. Lea mtoto kwanza. Besi kinanda itabeba."

Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, amelala fofofo, hajamlalamikia mtu. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kurudi mazoezini tangu nijifungue. Nilikuwa nimekuja na boda, mtoto nyuma, gitaa mbele, na dereva katikati ya matope akiniuliza kama nahama nyumba. Halafu nafika, naambiwa nipumzike!

"Kinanda ina mikono mingapi?" nikamwuliza.

Mpiga kinanda akainua mkono wake wa kushoto na kuvichezesha vidole, kana kwamba anampungia mtoto mdogo. "Huu hapa, dada. Wa kulia unapiga wimbo, huu unapiga besi. Tena humu ndani kuna besi za kila namna. Ile yako tangu tuijue inasema neno moja tu."

Nieleze kidogo. Sisi tunapiga harusi. Jumamosi moja tuko hapa Busia mpakani, nyingine Bulumbi, nyingine tunapanda hadi Tororo. Besi nilijifunza sekondari, kwa sababu magitaa yale ya kuimba wavulana waliyakamata yote, likabaki lile la nyuzi nne ambalo hakuna aliyelitaka. Nikalichukua kwa hasira, nikalipenda. Besi haiombi kusikilizwa. Inamkamata mtu kiunoni, yeye mwenyewe hajui nani amemshika. Sasa mtu aniambie kazi hiyo inatosha mkono mmoja wa kushoto wa mwenzangu, ati kwa sababu nimezaa? Kwani nilizaa kwa vidole?

Sikupumzika. Kesho yake nilivuka upande wa Kenya. Kuvuka kwetu si safari. Ni kama kwenda kwa jirani kuomba chumvi, ila jirani huyu ana askari mlangoni. Kuna duka la fundi wa redio na spika, limejaa waya kama kiota cha ndege, na humo niliwahi kuona pedali ya besi, ile ya efekti nyingi ndani ya sanduku moja. Ilikuwa bado ipo, ina vumbi.

"Siz, hii ni mtumba lakini ni moto," yule muuzaji akaniambia. "Kuna sauti za amplifaya tofauti tofauti, kuna ya kukwaruza, kuna ya kushusha besi mpaka chini ya sakafu. Ukikanyaga hapa unapanda, ukikanyaga hapa unashuka. Kinanda ya nani itakusumbua?"

Tulibishana bei mpaka tukachoka wote wawili, nikatoa pesa niliyokuwa naiweka ya cherehani.

Wakati wa kurudi, afisa wa forodha akafungua mfuko wangu. Akakiangalia kile kitu cha chuma, bapa, kina kioo kidogo katikati na kibao cha kukanyaga upande mmoja.

"Hii ni mizani?"

Kabla sijajibu, mama mmoja nyuma yangu aliyebeba beseni la nyanya akasema, "Hebu weka chini, nyabo, nipime. Naona huu mwezi nimeisha." Na kweli akavua ndala, mguu juu.

"Si mizani! Ni ya gitaa!"

"Gitaa nayo inapimwa kilo?" afisa akauliza, na mstari mzima ukacheka. Nilitaka kukasirika, lakini yule mama alikuwa bado amesimama mguu mmoja na beseni kichwani, anangoja zamu yake, nikashindwa. Nikacheka hadi mtoto akaamka.

Nyumbani niliiweka sakafuni, nikakaa kwenye kigoda, gitaa gotini, mtoto kwenye ziwa wakati wake ukifika. Kitabu cha maelezo hakikuwepo. Basi nikaanza kubonyeza. Ina vitufe viwili vya mguu, vikubwa, vya chuma. Mimi naiwaza kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi, na kila chumba kina sauti yake. Kitufe cha kulia kinakupeleka chumba cha mbele, cha kushoto kinakurudisha nyuma. Juu kuna vifundo vya kuzungusha kwa mkono, ndivyo vya kupanga kilichomo chumbani: sauti iwe nene au nyembamba, safi au ya kukwaruza, itoke nyingi au kidogo. Ukivikanyaga vitufe vyote viwili kwa pamoja, sauti inakatika na kioo kinakuonyesha kama nyuzi zako zimekaa sawa. Na kile kibao cha pembeni, kinachoinama kama kanyagio la mafuta la lori, unakichagulia kazi: kipandishe na kushusha sauti, au kifanye besi ilie wau-wau kama mtoto asiyetaka kuoga, au kisifanye kitu.

Jambo moja nililijua kwa machozi. Ukishapanga chumba, lazima ukihifadhi. Nilitengeneza sauti moja nzito, tamu, yaani nilijisikia kama nimevaa koti la manyoya. Mtoto akavuta waya wa umeme. Nilipowasha tena, koti hakuna.

"Hiyo sasa imelia kama trela inashuka gia," mume wangu akasema kutoka mlangoni. Yeye kazi yake ni makaratasi ya malori mpakani, kila kitu kwake ni trela.

"Toka."

Kufikia mazoezi yaliyofuata nilikuwa nimepanga vyumba vitatu vikapangika. Cha kwanza safi, laini, cha kumwingiza bibi harusi. Cha pili kinanguruma, cha vijana kurukaruka. Cha tatu kinashuka chini kabisa, mpaka glasi za meza kuu zinatetemeka. Nikawapigia vyote. Mpiga kinanda akasahau kuchezesha vidole. Kiongozi akakuna ndevu, akasema, "Haya. Bulumbi tujaribu."

Sasa, huku kwetu harusi ina desturi yake, na anayepiga muziki aijue. Watu wakifurahi hawakai kwenye viti wakapiga makofi. Wanacheza wakija mbele, wanakuja mpaka ulipo, wanakubandika noti kwenye paji la uso. Na wa kwanza siku zote ni shangazi wa bwana harusi.

Bulumbi shangazi huyo alikuwa mwanamke mkubwa, ndani ya gauni la gomesi la rangi ya chungwa, mshipi umefungwa sawasawa. Bibi harusi alikuwa ndiyo kwanza ameingia, anatembea pole pole kama wanavyofundishwa, macho chini. Nimo chumba cha kwanza, besi safi kama maziwa. Shangazi akaja akicheza kwa mabega, akanibandika noti, na ili asimame vizuri akaweka mguu juu ya pedali yangu. Naamini alidhani ni kibao tumewawekea watu wa kutuza.

Besi ikanguruma. Bibi harusi akasimama kama aliyesikia simba. Watoto wakashangilia. Nikapeleka mguu nirudi nyuma, kumbe mguu wa shangazi bado upo, naye anacheza, kwa hiyo tukaingia chumba cha tatu, glasi zikaanza kulia. Nikakanyaga tena, yeye akakanyaga tena, vitufe vyote viwili pamoja, na sauti ikakatika kabisa. Katika kimya hicho nikausikia mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ukiingia, taratibu, kwa adabu, mwenyewe akitabasamu hadi masikioni.

Tulipokuwa tunakula, kiongozi akaja na sahani yake.

"Mama, Jumamosi ijayo ni Tororo. Ile harusi ni kubwa. Ikilia vile tena mbele ya bibi harusi, kinanda itabeba, na hiyo habari imeisha."

"Mwambie shangazi aangalie miguu yake!"

"Shangazi ndiye anatuza. Wewe ndiye wa kuangalia."

Nilikasirika njia nzima kurudi, na ubaya ni kwamba alikuwa amesema kweli. Shangazi wa bwana harusi hazuiliki. Ukiweka kiti mbele, anakisogeza acheze nacho. Ukiificha pedali nyuma ya spika, mguu wako mwenyewe haufiki. Nikampigia simu muuzaji wa upande wa Kenya nimwulize kama kuna namna ya kuifunga ili ikikanyagwa isibadilike.

"Siz, ile kubwa yake iko na lock. Hii haina."

"Na ukanyamaza?"

"Sasa ningejuaje unapiga na mashangazi?"

Siku mbili niliizunguka ile pedali kama mbwa aliyeona nungunungu. Siku ya tatu nilikuwa naanika nepi. Zimejaa kamba nzima, nyeupe zote, na mtoto analia ndani, nikanyoosha mkono bila kuangalia nichukue mojawapo iliyokauka. Yoyote. Nikasimama pale na nepi mkononi. Kwani shida ni shangazi kukanyaga? Shida ni kwamba akikanyaga anakuta chumba kingine. Akiingia chumba cha mbele akakuta ni kilekile, na cha nyuma kilekile, atakuwa amefanya nini? Atakuwa amecheza tu.

Niliingia ndani, nikanakili sauti ile safi, chumba kwa chumba, nikihifadhi kila mara, na safari hii waya nimeukalia. Mngurumo nikaufuta. Glasi kutetemeka nikafuta. Iliniuma, siwezi kudanganya. Vile vyumba nilivipanga mimi. Kile kibao cha pembeni nikakiambia kisifanye kitu, maana kisigino kimoja kingenizimia sauti. Bado vile vitufe viwili kwa pamoja. Nikatafuta kwenye machaguo ya ndani, nikakuta sehemu unayoweza kuamua: wakati wa kupima nyuzi sauti ikatike, au iendelee kupita vilevile. Nikachagua iendelee.

Halafu nikamwita mume wangu.

"Vaa gambuti."

"Za nini?"

"Wewe ni shangazi. Njoo unituze."

Mume wangu ana kasoro zake, lakini hapo hakunisumbua kwa maswali. Alichukua leso yangu akajifunga kiunoni, akavaa gambuti, akaja kwa mabega kutoka mlangoni, midomo ameibinua, akanibandika kipande cha gazeti kwenye paji la uso, akaipanda ile pedali kwa miguu yote miwili. Namba za vyumba kwenye kioo zikakimbia huku na huku. Besi haikutikisika. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi, na jirani akaja kuuliza kama tuna wageni.

Tororo, kiongozi alijilinda. Nyimbo za kupokea wageni akampa mpiga kinanda abebe besi, ati tusikie tofauti, mimi nikae tayari. Sawa. Nikakaa na gitaa langu kifuani, mtoto amegombewa na kina mama wa jikoni. Wageni wakaanza kuja na noti. Mpiga kinanda ana paji la uso lenye jasho, noti hazishiki, zinaanguka. Na mtu huokota pesa kwa mkono gani? Wa kulia unapiga wimbo. Basi wa kushoto ukashuka. Besi ikapotea. Ukarudi, ikarudi. Noti nyingine ikaanguka, besi ikaenda nayo. Wachezaji walikuwa wanakwama katikati ya hatua, mguu hewani, wakitazamana. Nilimwangalia kiongozi tu. Akavumilia, akavumilia, mwisho akanipa ishara kwa kidevu: ingia.

Bibi harusi akaonekana mlangoni. Nikaanza, safi, pole pole. Na hapo wakaja. Hakuwa shangazi mmoja. Walikuwa watatu, gomesi tatu, wamekuja bega kwa bega kama gari la mawe. Kiongozi akafumba macho, nilimwona. Wa kwanza akanituza na kukanyaga kulia. Wa pili akakanyaga kushoto. Wa tatu akapanda na miguu yote, akakaa pale juu ubeti mzima, anazungusha kiuno, kioo kinawakawaka chini ya viatu vyake. Besi ikaendelea kutembea. Bibi harusi akaendelea kutembea. Nikamwambia shangazi, "Zungusha, mama, zungusha!" naye akazungusha kweli, mpaka nikahisi mbao za jukwaa zinapiga besi pamoja nami.

Tulipokuwa tunafungasha, kiongozi akaja, akasimama, akakuna ndevu.

"Jumamosi ijayo tunakwenda Busitema. Gari inatoka mapema. Usichelewe."

"Si niliambiwa nipumzike?"

"Nani alisema hivyo?"

Aliuliza kwa uso mkavu kabisa, kama mtu ambaye maneno hayo hajawahi kuyasikia duniani. Nilifungua kinywa nimwambie ni nani, lini, na kwa sauti gani. Lakini waya zilikuwa zimetapakaa jukwaani, na mama mmoja wa jikoni alikuwa ananirudishia mtoto. Nikampokea, nikampa kiongozi.

"Shika."

Akamshika kwa mikono iliyonyooka, kama amepewa sufuria ya uji wa moto, akigeuka kutafuta pa kuitua. Mtoto akamtazama, akamkamata ndevu.

"Mama. Huyu amelowa."

"Ndiyo," nikamwambia, nikaanza kukunja waya, ule mrefu kwanza, bila haraka.