Baba Eva na Gari Lisilonguruma

Mume wangu Eliakim ameendesha magari mazuri kuliko matajiri wengi, na hana hata baiskeli. Kazi yake ni kuchukua magari bandarini Dar es Salaam, kuyaleta hapa Tunduma, kuwakabidhi funguo wenyewe wanaovuka nayo kwenda Zambia na Kongo, kisha anarudi na basi kufuata jingine. Miaka yote hiyo mimi na watoto hatujakalia kiti hata cha gari moja, maana ni marufuku kupakia mtu.

Kwa hiyo Eva wetu alipochumbiwa na Dennis, kijana wa Nakonde ng’ambo ya mpaka, mume wangu aliwaomba wakwe jambo moja tu: siku ya harusi amwendeshe binti yake mwenyewe hadi kanisani. Watson, mjomba wake Dennis, akakubali, tena akaleta gari lake la umeme, jeupe, la zile mbio za kutisha. Ila alitoa sharti, kwa heshima zote. “Bashi Eva,” ndivyo Wabemba wanavyomwita baba Eva, “likikwama tu, usukani naushika mimi.”

Siku yenyewe, tulipoingia lami pale Mpemba, Eliakim akakanyaga mafuta kama alivyozoea, ingawa mafuta yenyewe hayamo. Magari yake yale hubembelezwa kwanza ndipo yaondoke. Hili, jamani, unaligusa tu limeshaondoka. Kichwa changu kiligonga kiti, kilemba kikamrukia Eva, na tumbo nadhani nililiacha Mpemba. Eva alicheka mpaka wanja ukataka kumharibikia. Watson, pale mbele, alicheka huku ameng’ang’ania mkanda kwa mikono miwili. Baba Eva akakanyaga tena, makusudi kabisa, mwanaume mzima na mvi zake.

Lami ikaisha. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na njia ya kwenda Isansa, kanisa liliko, ilikuwa tope jekundu tupu. Kwenye kilima cha mwisho matairi yakazunguka bure, gari likakaa. Akakanyaga zaidi. Gari lile lina akili yake: likiona tairi linateleza linajikatia nguvu lenyewe, basi likazidi kununa. Watson akafungua mkanda. Nilimwonea mume wangu huruma nusura nilie.

“Mara moja tu, mkwe,” akasema Eliakim. Watson akatazama saa, akakubali kwa kichwa.

Shemeji yangu Sadoki na wenzake wakashuka kwenye Coaster iliyokuwa ikitufuata, suti na tai zao, wakaegemea nyuma ya gari tayari kusukuma. Sasa huku kwetu msukumaji husubiri injini ingurume ndipo aweke nguvu. Wakasubiri.

“Kaka, washa gari!” Sadoki akaita.

“Limewaka.”

“Washa bwana, mbona hatusikii kitu?”

Eliakim alivua viatu vya harusi, akavua na soksi, akaweka mguu mtupu kwenye pedeli, taratibu, akiisikilizia kwa vidole. Matairi yakauma udongo. Tukaanza kupanda polepole, kimya, na wale mabwana waliokuwa bado wanangoja ngurumo wakabaki wameegemea hewa. Niligeuka nikamwona Sadoki kifudifudi kwenye tope, tai imehamia mgongoni. Mungu anisamehe, nilicheka hadi kwikwi ikanishika.

Tukafika kanisani. Ndani kwaya ilikuwa inaimba, Dennis anasubiri mbele, na kwa kuwa gari halina kelele hakuna aliyetoka kutupokea. Watson akashuka, akamshika Eliakim bega, akaenda kukagua tope kwenye gari lake.

“Baba, tumefika,” Eva akasema.

Mume wangu hakuachia usukani. Machozi yalikuwa yanamtiririka. “Najua, mwanangu,” akasema. “Hawajatusikia bado. Kaa kidogo.”

Tukakaa.