Herufi mbili mbili kwenye sarafu ya shangazi

Leo, mpaka saa sita mchana, shangazi yangu alikuwa tajiri.

Iko hivi. Shangazi ana sarafu ya kumbukumbu, ile inayong'aa kama kioo, imefungiwa kwenye kikasha chake cha plastiki angavu.

Asubuhi nikaimulika kwa simu. Kila herufi nikaiona mbili mbili.

Mimi, msomi wa video za mtandaoni, nikamwambia, "Shangazi, muhuri uliogonga sarafu hii ulikosewa. Wakusanyaji wa sarafu wanazinunua hizi kwa bei kubwa."

Nikapanda bodaboda hadi sokoni Kilosa, kwa fundi saa mwenye lenzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akaitazama. Akafungua plastiki, akaitazama tena.

"Herufi ni moja moja, mwanangu. Ulikuwa unaona kivuli chake kwenye plastiki."

Nikarudi nyumbani kinyonge. Nakuta majirani wamejaa mkekani, na jogoo wa shangazi yuko kwenye sufuria.

Nikasema ukweli.

Shangazi akanitazama, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo jogoo wangu kafa kwa ajili ya kivuli?"

Jirani mmoja akauliza tu kama wali umeiva.

Sasa nimekaa mkekani, nimewekewa paja.

Nyie mngekula, au mngeaga kwa heshima?