Viti Vipya na Sakafu Inayotembea

Kiwanda chetu kiko nje kidogo ya mji wa Embu, na kazi yangu ni kuchambua makadamia. Njugu zikishabanguliwa, kokwa zake hupita mbele yetu juu ya mkanda mweupe, kutoka kulia kwenda kushoto, nasi tunatoa zilizooza, zilizotobolewa na wadudu, na vipande vya maganda. Zamani tulikuwa tunaifanya kazi hiyo tukiwa tumesimama. Jioni nikifika nyumbani Kianjokoma, nilikuwa natia miguu kwenye beseni la maji moto kabla hata ya kumsalimia mtu.

Kwa hiyo tuliomba viti. Tuliomba mpaka supavaisa akawa anatukwepa. Mwishowe kiwanda kikamleta mama mmoja kutoka Nairobi, ambaye kazi yake ni kuangalia kama mahali pa kazi panaufaa mwili wa anayefanya kazi pale. Alitupima viwiko na magoti kwa utepe, akaenda zake. Baada ya muda viti vikaja, vya chuma, vyenye mto na mahali pa kuegemeza miguu. Siku hiyo tulikaa tukiangaliana na kucheka bila sababu.

Sikumbuki ilikuwa siku gani baada ya hapo. Kengele ya chai ililia, mkanda ukasimama, nikainua macho, na sakafu ikaanza kwenda. Haikutikisika. Ilitiririka polepole kuelekea kulia, na ndoo ya maganda nayo, lakini nilipoikazia ndoo macho niliona iko palepale. Ilikuwa inaenda na haiendi. Nilishika meza, nikangoja, ikatulia. Nikaenda kunywa chai kama wengine.

Kesho yake ikaja tena, safari hii pamoja na kichefuchefu. Halafu ikanifuata nyumbani. Nilikuwa nachagua maharagwe kwenye ungo, na maharagwe yakaanza kuogelea. Mume wangu aliniona nimeuweka ungo chini na kuushikilia kwa mikono miwili.

"Mama watoto, kwani ungo unatoroka?" akauliza.

"Nimechoka tu."

"Si mlipewa viti?"

Kweli, tulipewa viti. Miguu ilikuwa haiumi tena, mgongo pia. Mwili wangu haujawahi kuwa mzuri hivyo tangu nianze kazi ile, na sasa ndio kichwa kinaharibika? Nilidhani ni mimba. Nikaenda zahanati, nesi akapima mimba, presha na sukari. Hakupata kitu.

"Unakula?" akaniuliza.

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala."

"Basi una mawazo mengi."

Nilirudi nyumbani nikijiuliza ni mawazo gani hayo, maana sikuyaona. Mara nikavishuku viti, mara nikajiona mjinga. Kiti kinakaliwa, kitayafikiaje macho? Na hata kama ni kiti, ningemwambia nani? Vingerudishwa, na wenzangu wangejua ni mimi niliyevirudisha. Nikanyamaza, nikawa napita karibu na ukuta ili nipate pa kushika.

Aliyekaa kushoto kwangu alikuwa mama kutoka Mbeere, mcha Mungu sana. Kila mkanda uliposimama, alifumba macho na kuinamisha kichwa. Nilidhani anaiombea chai. Nilimwonea wivu kwa imani hiyo, nikafikiri labda mimi ndiye nimeacha kuomba ipasavyo.

Yule mama wa Nairobi alirudi kuona viti vinatumikaje. Hakutaka kuangalia kwa mbali. Alivaa kofia na aproni, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, akachambua nasi asubuhi nzima, taratibu mwanzoni, halafu akashika mwendo. Kengele ikalia. Mkanda ukasimama. Akasimama naye, na papo hapo akashika bega la supavaisa.

"Samahani," alisema. "Huu mkanda umewashwa urudi nyuma?"

"Umezimwa, madam," supavaisa akajibu.

"Mbona naona unaenda?"

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Unaenda kulia?"

"Ndiyo. Kulia."

Mama wa Mbeere akafumbua macho, akanigeukia. "Wewe pia?"

"Si wewe huwa unaomba?"

"Naomba sakafu isimame," akasema.

Ndipo mwingine akasema yake, na mwingine tena, mpaka upande wa pili wa mkanda, ambako sakafu yao ilikuwa inaenda kushoto kwao. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega, kila mmoja akijificha na ugonjwa wake.

Mama wa Nairobi alitueleza kwamba jicho likitazama kitu kikipita kwa muda mrefu hukizoea, na kikisimama, kila kitu huonekana kikirudi nyuma. Tulipokuwa wima tulikuwa tunauona mkanda na chumba kizima. Viti vilituinamisha, nyuso zikaukaribia mkanda, tukawa hatuoni kingine. "Nilipima viwiko," alisema, "sikupima macho." Viti havikurudishwa. Viliinuliwa, mkanda ukapunguzwa mwendo, tukawa tunabadilishana pande, na kila baada ya muda tunatazama nje dirishani, kwenye miti ya mikima iliyopandwa kando ya ua.

Kichefuchefu kiliisha. Sakafu bado hutembea siku nyingine, kidogo, na siogopi. Lakini kuna jambo moja sijalielewa mpaka leo. Jumapili moja nilikuwa navuka daraja la Rupingazi na wifi yangu. Tulisimama kutazama maji, yalikuwa mengi baada ya mvua. Nilipoinua macho, ukingo wote wa mto, pamoja na migomba yake, ulikuwa unapanda kurudi mlimani. Daraja hilo nimelivuka tangu utotoni.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona nini?"

"Migomba."

Wifi akaitazama migomba, kisha akanitazama mimi. "Ina nini?"

Labda ilikuwa inatembea siku zote na sikuwahi kuangalia. Labda ni macho yangu yaliyobadilika kule kwenye mkanda. Nilimwambia imezaa vizuri, tukaendelea na safari.