Bendera Nyekundu ya Kilometa Kumi na Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye reli inayotoka Kindu kuelekea Kibombo, sikupewa koleo wala nyundo. Nilipewa bendera ya kuilinda. Shefu wa kantoni wa wakati ule, mzee mnene asiyependa jua, aliisimika katikati ya njia, akaniweka pembeni yake, akaenda zake kunywa chai. Nyinyi vijana hamkuijua kazi hii, kwa hiyo nieleze: kantoni ni kipande cha reli kinachotunzwa na kikosi kimoja, na shefu wake ndiye anayeulizwa kila bolti ikilegea.

Mchana ukafika, hakuna treni, hakuna kazi. Nikaing'oa ile bendera nikampelekea. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Nani aliisimika?"

"Njo weye, Shefu."

"Na nani ataitoa?"

Nikaitazama ile bendera mkononi mwangu.

"Ule aliisimika njo ataitoa. Hata mukubwa wa reli yote akipita, hana ruhusa. Ule aliisimika njo anajua kuko nini kule mbele."

Nikarudi kuisimika. Baadaye nilielewa kwamba bendera nyekundu huwekwa mbali kabla ya mahali palipoharibika, treni ipate nafasi ya kusimama, na kwamba mtu akiitoa bila kujua, anaweza kuua watu. Hiyo ndiyo kanuni pekee niliyoishika miaka yote bila kuibishia.

Nilifanya kazi Kibombo, nikarudishwa Kindu, mwishowe nami nikawa shefu wa kantoni. Halafu vita vikaingia. Treni zikasimama. Shefu wa seksioni, aliyekuwa juu yangu, alifunga mizigo yake, akanishika bega.

"Mukendi, chunga njia mupaka nitakuandikia."

Hakuniandikia. Mimi nikaendelea kuichunga. Wenye bunduki walibadilika, kila kundi likisema ndilo serikali, nami nikawaamkia wote sawasawa. Kila Jumamosi niliandika ripoti ya njia nikaitia kwenye droo, sijui namwandikia nani. Mke wangu aliniuliza kama nimerukwa na akili. Swali lilikuwa la haki; Jumamosi iliyofuata nikaandika nyingine.

Zaina nilimkuta kilometa ya kumi na mbili, amebeba kichwani furushi la sombe, majani ya muhogo. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi. Watu walipita relini kwa sababu barabara ilikuwa imemezwa na majani. Akasimama kunitazama nikikaza bolti.

"Papa, unakaza vyuma. Treni iko wapi?"

"Itakuya."

"Lini?"

"Kesho, ao kesho kutwa."

Nilidanganya kwa aibu tu. Mtu mzima nimeinama juani na ufunguo mkubwa wa bolti mkononi, ningemwambia nini? Lakini kesho yake alikuwa pale pale, ananingoja, akauliza tena. Nikajibu vile vile.

Ndivyo tulivyozoeana, na hata leo sijui alipata nini kwangu. Nilimfundisha kusimika bendera na kanuni yake, na kugonga eklisi, kile chuma kinachounga reli mbili kwa bolti nne. Iliyokazwa hulia, iliyolegea hunung'unika. Sikio lake likawa kali kuliko langu.

"Papa, hii imekufa. Hausikii? Masikio yako ilishaenda pansioni."

Kijijini kwao walishangaa: mzee mgeni kutoka Kasai na binti yao, wanapiga vyuma ambavyo hakuna anayevihitaji. Kaka zake walikuwa msituni. Sikuuliza kundi gani. Nilimpenda yule mtoto, naandika wazi, lakini kila nilipoona majani yakitikisika nilijiuliza kama ni yeye aliyewaambia napita saa ngapi.

Siku moja bendera yangu ya akiba ikatoweka mfukoni mwa zana. Hofu yote ile ikanitoka mdomoni kwa pamoja.

"Umeiba kitu ya kazi. Kwenda. Sitaki kukuona tena."

Aliweka nyundo juu ya taruma la reli, akaondoka.

Siku mbili baadaye, kilometa ya kumi na saba, niliikuta bendera yangu. Ilikuwa katikati ya njia, kwenye fimbo iliyonyooka, imeelekea Kindu, kama nilivyomfundisha. Nikapandwa na hasira, nikaishika fimbo niing'oe. Ndipo likanijia swali la yule shefu mnene: nani aliisimika? Si mimi. Mkono ukaachia.

Wakaja wanaume wawili wakisukuma baiskeli zenye mafuta ya mawese. Nikawaambia wasipite. Wakacheka.

"Muzee, sisi ni treni?"

Wakapita. Mimi nikageuka kurudi mjini, najilaumu kwa kutii kitambaa. Sikufika mbali nikasikia risasi. Wale wawili hatukuwaona tena. Wiki ile ile kijiji cha Zaina kikabaki kitupu.

Basi nikaishi na hilo: nilimwita mwizi, naye akaniokoa roho.

Vita vilipotulia alikuja shefu mpya wa seksioni, kijana, tukakagua njia kwa kigari cha reli. Fimbo ilikuwa bado imesimama, na kipande cha kitambaa juu yake. Sijui kwa nini hakuna aliyekichukua.

"Toa ile kitu, Papa Mukendi."

"Si miye niliisimika, Shefu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akaing'oa mwenyewe akaitupa kichakani. Nikaenda kuiokota. Nilipopata pensheni nikahamia Alunguli, ng'ambo ya mto, ikalala chini ya kitanda changu.

Mwaka huu, asubuhi moja, mwanamke alishuka kwenye pikipiki mlangoni kwangu, amefunga kitenge kizuri, ana mvi mbili tatu. Alisema ametoka Tunda, walikokimbilia wakati wa vita. Nilimtambua aliponicheka masikio: Zaina.

Maneno nilikuwa nimeyaandaa miaka mingi. Nikamwomba msamaha kwa kumwita mwizi. Nikamshukuru kwa kunionya kwamba wenye bunduki walikuwa wananingoja.

"Watu gani, Papa?"

Nikamweleza habari za baiskeli na risasi. Akaweka mkono mdomoni. Hakuwa amejua lolote.

"Kaka yangu alitoa bolti yote ine ya eklisi kule mbele ya bendera, alitaka chuma. Na weye ulisema treni itakuya kesho. Niliona itaanguka na watu ndani. Bendera niliiba, ni kweli. Niliogopa nikikuambia, utamupeleka kaka yangu kwa waaskari."

Kumbe katika njia ile yote, miaka ile yote, mtu mmoja tu aliiamini treni, na hakuwa mimi. Sasa sijui hata nimshukuru kwa lipi, na uongo wangu niuweke wapi, maana bila huo nisingekuwa hai.

"Nilitaka kurudi kuitoa," akasema. "Lakini tulikimbia. Miaka mingi nilikuwa nawaza treni imesimama pale na watu wake, inaningoja miye."

Niliingia ndani, nikaivuta fimbo chini ya kitanda, nikamletea. Sikumkabidhi mkononi. Niliisimamisha ardhini mbele yake, kati ya mawe mawili, nikasogea pembeni.

Akaing'oa.