Bega la Mama Furaha

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, hapa hapa Kisenyi, nilipomwomba mwanamke aliyekuwa akishindwa kuvuta pumzi asiseme nilichomtenda. Aibu yake ninayo mpaka leo. Lakini nimesikia unataka kusomea tiba ya Kichina, ile ya sindano, na sioni kama nina haki ya kukuacha uende bila kukueleza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Vita vilikuwa vimepita, mji unapakwa rangi upya, nami nimemaliza sekondari na sina kazi ila kumsaidia baba dukani. Ghorofani, karibu na stendi ya teksi, mama mmoja Mchina alikuwa amefungua zahanati. Tulimwita Daktari Lin. Alikuwa amefanya kazi Tanzania miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Kiswahili chetu cha Kampala unakijua mwenyewe. Nilimwomba anifundishe. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali.

Mwaka wa kwanza sikugusa sindano. Nilishika watu mikono nikisikiliza mapigo kwa vidole vitatu, nikatazama ndimi mpaka nyumbani wakaona nimerukwa na akili. Mwaka wa pili nilijizoeza sindano kwa kuchoma kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba, kisha mguu wangu mwenyewe, chini ya goti. Mwaka wa tatu nikaruhusiwa kuchoma wagonjwa, miguuni na mikononi tu, naye akiwa amesimama nyuma yangu. Mabega, mgongo na kifua alinikataza.

"Hapo chini kuna pafu," alisema. "Kwa mtu mwembamba liko karibu kuliko unavyodhani. Ngoja."

Mimi niliona ananichelewesha makusudi, anaogopa nitamchukulia wateja. Nilikuwa natafuta sababu ya kutomsikiliza, nikaipata.

Nyumbani kwetu, chumba cha uani, alipanga mjane kutoka Kongo aitwaye Mama Furaha, na mtoto wake mmoja. Alitembeza vitenge, mzigo begani kutwa nzima, na mwili wake ulikuwa mwembamba sana. Bega la kulia lilimuuma hata kuchana nywele hawezi. Jumamosi hiyo alinikuta uani nimekaa.

"Dokta," akanitania, "miaka tatu unajifunza, na bega yangu inakufa hapa karibu yako. Ama kule kwa Muchina unafagia tu?"

Nilicheka, lakini neno lile la kufagia likaniingia. Chumbani nilikuwa na pakiti ya sindano, niliyoichukua zahanati bila kuomba. Nikamkalisha kwenye kiti, nikampaka spiriti juu ya bega, kati ya shingo na ncha ya bega. Mahali pale Daktari Lin huinua nyama kwanza kwa vidole viwili, akaichoma hiyo aliyoiinua, sindano ikiwa imelala. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Mimi nilichoma wima, kwenda chini.

Sindano ikifika mahali pake, mgonjwa husikia uzito au ganzi inayotambaa. Nikamuuliza kama anasikia uzito.

"Sisikie kitu. Mbu za Kisenyi zinauma kupita hii."

Nikasukuma. "Sasa je?"

"Bado, Dokta."

Nikasukuma tena. Akashtuka, akakohoa. Nikaichomoa haraka. Akakohoa tena, akajishika kifua, akasema kuna kitu kinamchoma ndani. Nikamwambia ni damu inaanza kutembea, ni dalili njema. Nilijua nasema uongo. Baadaye kidogo hakuweza kumaliza sentensi moja bila kutua.

Nikakodi gari kumpeleka hospitali. Njiani magari yalikuwa yamesongamana, hatusogei, naye amejikunja kando yangu akihema. Nikamwinamia sikioni. Nikamwambia, "Mama Furaha, nakuomba, usitaje sindano. Watanifunga jela ya Luzira." Alinitazama, kisha akaitikia kwa kichwa.

Sasa elewa jambo hili. Mama Furaha hakujua Kiganda wala Kiingereza. Pale hospitalini, mdomo wake ulikuwa mimi.

"Ssebo, ilianzaje?" daktari aliniuliza kwa Kiganda, akiniita bwana. Alikuwa kijana, rika langu.

Nikamgeuzia Mama Furaha swali lile kwa Kiswahili, kana kwamba jibu silijui. Akalijibu kwa maneno mawili, akitafuta pumzi katikati. "Mwambie... weye."

Nikamwambia daktari kwamba alibeba mzigo mzito pumzi ikambana, na kwamba ana pumu tangu utotoni. Pumu hiyo niliibuni palepale. Wakamfunika barakoa ya dawa ya pumu, daktari akaenda kwa wengine.

Nilibaki nimesimama miguuni pa kitanda. Nilijipa matumaini kwamba dawa itasaidia kidogo, kwamba tundu ni dogo, litaziba lenyewe. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Mishipa ya shingo ikasimama. Muuguzi akapita, akamuuliza kitu kwa Kiganda. Mama Furaha akatikisa kichwa tu, hata bega hakulionyesha. Hata katika hali ile alikuwa ananitunzia siri yangu.

Hapo ndipo nilipotoka mbio, nikamkamata daktari mkono kwenye ujia. "Si pumu. Nilimchoma sindano begani. Nadhani nimetoboa pafu."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

Akatazama saa yake. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Akakimbilia kitandani. Alisikiliza kifua cha kulia, hakusikia pumzi. Akamtoboa kati ya mbavu, akaingiza mrija wa mpira, na hewa ikatoka kwa sauti niliyoisikia kutoka mlangoni.

Mama Furaha alipona. Polisi hawakuitwa. Jumatatu nilimweleza Daktari Lin yote, pamoja na yale ya ndani ya gari. Alinyoosha mkono, nikampa pakiti ya sindano. "Usirudi," alisema. Sikurudi, na sikuchoma mtu tena.

Nilikwenda wodini kuomba radhi. Mama Furaha alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ya bega nimekuachia," alisema. "Nilikuchokoza, na weye ulikuwa mutoto. Lakini kwa gari, miye nilikuwa nafikiri Furaha, nani atamulea. Weye ulikuwa unafikiri Luzira."

Nilitoka wodini na maneno hayo. Umri wote huu bado ninayo.

Kwa hiyo nenda kasome, mwanangu, ni elimu nzuri. Mwalimu akikwambia sehemu fulani bado, ngoja, hata ikiwa ni miaka. Mgonjwa akisema hasikii kitu, chomoa sindano uanze upya, wala usisukume ili kujionyesha. Na siku utakapokosea, maana utakosea, mtafute anayeweza kumwokoa mgonjwa wako umwambie ulichofanya, saa ileile, kabla hujajiuliza utapatwa na nini. Usimtwishe mgonjwa kazi ya kukuficha.

Mungu akupe mkono mtulivu na moyo wa kukiri upesi. Kila atakayelala mbele yako ainuke mzima, arudi kwa watoto wake. Amin.